Kutu ya Ndani ya Chasisi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari ya Zamani Dar es Salaam

Mimi si fundi mwenye cheti. Nina Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88, niliyoachiwa na marehemu baba, na chasisi yake nimeitengenezea uani kwangu Tabata kwa viangazi viwili. Tangu hapo watu hunisimamisha kwenye vituo vya mafuta, wengine wakiwa wameshachuchumaa wanachungulia uvunguni, na maswali ni yale yale. Nimeyakusanya hapa.

Gari langu nje halina hata doa. Ya nini nihangaike na chasisi?

Kwa sababu nje siko kutu inakoanzia. Watu wengi hudhani chasisi ya Land Rover ni chuma kizito kama reli. Ukweli ni mabamba ya unene wa kama milimita 2 yaliyochomelewa pamoja yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Bodi nayo, kwa sehemu kubwa, ni ya aluminiamu: gari lilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Kwa hiyo ngozi haioti kutu nyekundu, inabaki nzuri miaka yote, huku tumbo linaliwa.

Boksi lile lina matundu. Maji na tope huingia, tope hutuama kwenye mikunjo, tundu la kutolea maji linaziba. Sasa ongeza chumvi ya hewa ya bahari. Chumvi ya kawaida hunywa maji ya hewani na kuyeyuka yenyewe pale unyevu wa hewa unapofika kama asilimia 75. Ndiyo maana kopo la chumvi jikoni kwetu hugandamana na mama zetu hutia punje za mchele ndani. Usiku wa pwani hiyo asilimia 75 si kitu cha ajabu. Gari linaweza kuwa limeegeshwa mwezi mzima bila kunyeshewa, na bado ndani ya boksi kuna ukungu wa maji chumvi unaendelea na kazi yake.

Hupenda kujificha wapi?

Kwenye Land Rover za Series, anza na krosimemba ya nyuma, yaani boriti inayofunga chasisi mwishoni. Kisha mikono mifupi inayotokeza ubavuni kushika bodi, vishikio vya springi, sehemu ya juu ya chasisi pale inapopanda kupisha ekseli, na nyuma ya tangi la mafuta ambako mkono haufiki. Land Cruiser za FJ40 nazo zitazame zaidi nyuma.

Volkswagen kobe ina mambo yake. Betri inakaa chini ya kiti cha nyuma, na tindikali ikidondoka miaka na miaka, sakafu pale inabaki kama chujio. Halafu kuna maboksi chini ya milango, yaliyowekwa kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini ili abiria wasione baridi. Dar hakuna mwenye shida ya kuota moto ndani ya gari, lakini usiseme basi hayana kazi: ndiyo yanayolibeba gari ubavuni.

Nitaigunduaje bila kukatakata gari?

Nyundo ndogo na sikio. Osha uvungu siku moja kabla, acha ukauke, lala chini, gonga taratibu kila upana wa vidole vinne kuanzia mbele kwenda nyuma. Chuma kizima kinakujibu: ting, na nyundo inaruka kurudi mkononi. Chuma kilichokwisha kinasema pwa, na nyundo inabaki pale pale kana kwamba umegonga papai. Tia alama ya chaki. Kisha rudia kwenye alama zako na bisibisi pana, sukuma kwa uzito wa mkono tu. Ikizama, umepata jibu.

Usisahau upande wa juu wa boksi. Hauuoni, tope hukaa juu yake, na wengi hugonga chini na ubavuni tu halafu wanaondoka wameridhika.

Siku hizi kuna vikamera vyembamba vya waya unavyochomeka kwenye simu; Kariakoo vinapatikana. Kiingize kwenye tundu la chasisi. Vumbi jekundu jembamba si msiba. Ukiona maganda yanaachana tabaka kwa tabaka kama chapati ya kusukuma, unene umeshaliwa hapo, hata kama nje rangi bado imekaa.

Chukua na sumaku. Kwenye krosimemba yangu ya nyuma sumaku ilishika huku na huku, katikati ikadondoka. Nilipochokonoa, ikatoka puti, yaani ule ujiuji wa kusawazishia bodi ambao sumaku haiushiki, nyuma ya puti unga mwekundu kopo zima la lita moja, na katikati ya unga gazeti. Fundi wa enzi hizo alisokota gazeti, akalisukumia tunduni, akapiga puti juu, akapaka rangi nyeusi. Tarehe ya gazeti ilikuwa bado inasomeka, kwa hiyo tukaujua hata mwaka ambao baba alipigwa.

Fundi anasema tupake oili chafu uvungu mzima, inatosha. Nimkubalie?

Hapana. Oili inakaa nje, ugonjwa uko ndani. Inakusanya vumbi, inalainisha mipira ya bushi, inachuruzika uani kwako, masika ikianza inaoshwa. Na siku utakayotaka kuchomelea, utapambana na moshi na miali ya moto kila unapogusa.

Mzee mmoja jirani aliniambia, "Mwanangu, sisi tulipaka oili miaka yote na magari yakadumu." Sikumbishia. Lakini nilipomdadisi zaidi, magari yale aliyaendesha Dodoma na Singida. Kule hewa ni kavu, yangedumu hata kwa kupakwa uji.

Na lami nyeusi ya kupuliza?

Juu ya chuma safi kilichopakwa praima, sawa. Juu ya kutu ni blanketi la kufunikia kidonda: maji yanaingia kwa juu kwenye ufa, hayatoki, na wewe huoni tena kinachoendelea. Gari linalouzwa likiwa na uvungu mweusi mpya unaonuka lami, chukua nyundo yako kabla hujachukua pesa.

Nikikuta matobo, nizibe au nibadilishe chasisi nzima?

Swali la kujiuliza si tobo ni kubwa kiasi gani. Ni hili: kutoka kwenye tobo nikienda huku na huku, nakutana na chuma kizima baada ya umbali gani? Tobo la ukubwa wa sahani lililozungukwa na chuma kizima linatengenezeka. Vitobo kumi vya ukubwa wa shilingi, vilivyozungukwa na chuma chembamba kama bati, ni tatizo kubwa zaidi, maana huna pa kushikiza kiraka.

Mimi kosa langu la kwanza lilikuwa hapo hapo. Nilikata kidogo kwa huruma, nikachomelea kiraka kwenye chuma kilichobaki milimita moja. Kiraka kilishika vizuri sana. Miezi mitatu baadaye ufa ulipita pembeni mwake, ukikifuata kwa adabu kama anayechora kwa penseli. Nikakata upya, safari hii mara mbili ya kile nilichodhani kinatosha.

Ukikuta viraka juu ya viraka, au boksi limeoza pande zote mbili mahali pamoja karibu na vishikio vya springi, fikiria chasisi nyingine. Uingereza bado kuna wanaotengeneza chasisi mpya za Land Rover za zamani na kuzichovya kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa joto la kama nyuzi 450, ndani na nje. Ni kitu kizuri, ila piga hesabu ya meli, bandari na ushuru kabla hujaanza kufurahi.

Namba ya chasisi je?

Itafute kabla hujawasha grenda. Imegongwa kwenye chuma chenyewe na lazima ilingane na kadi ya gari. Ipige picha, ifunike kwa mkanda, usiikate wala kuisaga. Ikiwa kutu imekula hapo hapo, au unabadilisha chasisi nzima, anzia TRA kabla ya kwenda kwa fundi. Kueleza kabla ni rahisi kuliko kueleza siku ya kuuza, mnunuzi akiwa amesimama pembeni.

Kazi hii yote naweza kuifanya mwenyewe nyumbani?

Sehemu kubwa, ndiyo: kukagua, kufungua, kusafisha, kukata, kupaka rangi, kupiga nta. Hizo ndizo zinazokula muda, na ndizo fundi wa kulipwa kwa siku huzirukia. Kuchomelea mikono ya bodi na viraka vya ubavuni unaweza kujifunza, ukianza na vipande vya chuma chakavu mpaka uone moto umepenya upande wa pili. Vishikio vya springi na mahali boksi la usukani linapofungwa, mwite mtu aliyechomelea maisha yake yote. Pakiachia hapo barabarani huna la kufanya.

Njia iliyonifaa ni kuandaa kila kitu mwenyewe, viraka vikiwa vimekatwa na kushikizwa, kisha fundi anakuja na mashine yake kwa siku moja.

Umeme wa nyumbani unatosha?

Mashine ndogo za kisasa za inveta zinafanya kazi kwenye umeme wa kawaida wa volti 230. Kwa bamba la milimita 2, kijiti cha kuchomelea cha milimita 2.5 kwenye ampea 60 hadi 80 kinatosha. Anza chini, panda polepole. Shida kubwa ni waya wa kuunganishia: ule mwembamba mrefu uliozungushwa kwenye kibao utapata moto na mashine itakosa nguvu. Tumia waya mnene, mfupi, ulionyooshwa wote. Saa nzima ya moto mfululizo itakula kama yuniti 2 za LUKU, ila hakuna anayechoma saa nzima bila kupumzika.

Vijiti viweke mahali pakavu. Vikilala nje usiku mmoja wa Machi, kesho yake vinatema cheche kama mahindi kwenye kikaango.

Kuna hatari gani nisiyoiona?

Tangi la mafuta. Kwenye Land Rover fupi liko chini ya kiti, limekumbatiana na chasisi. Litoe kabisa, lipeleke mbali, upande upepo usikotokea. Tangi lililomwagwa mafuta ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Usilichomelee kamwe, hata fundi akikuambia amelijaza maji. Fuatilia pia mirija ya mafuta na ya breki inayopita kwenye chasisi, na nyaya za taa. Nyingine hupita ndani ya boksi lenyewe. Fungua nyaya za betri na za alternata.

Usiinue gari kwa matofali. Tofali la saruji halipindi kwanza likakuonya, linapasuka tu. Weka stendi za chuma chini ya ekseli au chasisi nzima, tairi zimezuiwa, jeki ibaki kama msaidizi.

Bamba lenye zinki likichomwa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku ule ule. Lisage zinki yake kwanza, fanyia kazi nje. Ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu, na mtoto wa kutazama cheche zilikoangukia asiwe mtoto kweli, awe mtu mzima. Kaa nusu saa baada ya kumaliza. Moto wa kwenye zulia la gari haukurupuki, unavizia. Namba ya Zimamoto ni 114.

Kiraka kinakatwaje?

Hapa usiwe na haraka. Saga rangi mpaka chuma cheupe kionekane, sentimita tano kupita alama zako. Kata kilichooza chote. Pembe za tundu ziwe za mviringo, kwa sababu pembe kali ndiyo huzaa ufa. Halafu toa uchafu wa ndani: gonga, chokonoa kwa waya mgumu, pulizia upepo wa kompresa, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, acha jua la siku mbili lifanye kazi. Hutapata nafasi nyingine nzuri hivi ya kufika ndani ya boksi, kwa hiyo usilifunge na tope lake.

Tengeneza kiolezo kwa katoni ya biskuti, kisha chora kwenye bamba la milimita 2 au 3. Kiraka kinachowekwa juu ya ubavu wa chasisi kisimalizikie kwenye mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini. Kichonge ncha kama jani la mwembe au samaki, ili nguvu isambae badala ya kukatia mahali pamoja. Kikikaa usawa mmoja na chuma cha zamani, acha mwanya kama unene wa bamba ili moto upenye.

Shikiza kwa nukta kwanza, pembe kwa pembe. Kisha choma vipande vifupi vya sentimita mbili au tatu, ukiruka kutoka upande mmoja kwenda wa pili, ukipumzika mpaka mkono uvumilie joto. Usipoze chuma kwa maji. Ukimaliza gonga maganda yote ya kijiti. Vitundu vidogo vilivyofichwa na maganda ndimo maji yatakapoingilia.

Na matundu ya kutolea maji: yaache, yazibue, kama kiraka kimeyafunika toboa mengine sehemu ya chini kabisa. Nimeona chasisi iliyozibwa kila mahali kwa nia njema. Maji yaliingia hata hivyo, yakakosa pa kutokea.

Chasisi haitapinda?

Itapinda ukikata pande zote mbili kwa mpigo. Fanya upande mmoja, umalize, uende wa pili. Kabla ya kukata pima kwa utepe kutoka bolti ya mbele kulia hadi ya nyuma kushoto, na kinyume chake, andika ukutani kwa chaki. Pima tena baada ya kushikiza, kabla ya kuchoma kabisa.

Naweza kutumia bati la kuezekea?

Bati la geji 30 lina unene wa kama milimita 0.3. Linafaa banda la kuku. Nenda Gerezani, kule karibu na Kariakoo, utapata vipande vya bamba vilivyobaki kwenye kazi za watu, na wenye mashine ya kukunja wapo hapo hapo ukiwa na kipimo chako.

Dawa za kugeuza kutu zinafanya kazi?

Zile zenye tindikali ya fosfori hugeuza kutu nyembamba kuwa tabaka jeusi gumu, na zinasaidia pale brashi isipofika. Juu ya maganda manene zinalowesha juu tu, chini kutu inaendelea kulala salama. Nati na bolti ndogo zilaze kwenye siki usiku mmoja, utashangaa.

Nipake nini nikishamaliza?

Nje: praima yenye zinki au ile nyekundu ya oksaidi, matabaka mawili, kisha rangi ya chuma, matabaka mawili. Usipake jioni, umande wa pwani unanasa chini ya rangi.

Ndani ndiko kwenye faida. Moto wa kuchomelea umeunguza rangi yote ya upande wa pili wa kiraka, na hapo ndipo kutu itakapoanza upya. Tumia nta ya kupuliza ya maboksi ya magari, inayokuja na mrija mrefu. Ingiza mrija mpaka mwisho, vuta taratibu huku unapuliza, mpaka uione inachuruzika kwenye matundu ya chini. Fanya hivyo mchana wa jua kali, gari likiwa limepata joto, ili nta itambae kwenye maungio. Na ifanye baada ya kazi zote za moto, kamwe siyo kabla: nta inawaka.

Nimepita kwenye maji ya Jangwani mvua iliponyesha, au nimeenda ufukweni Kigamboni. Nifanye nini?

Osha uvungu siku hiyo hiyo, na sukuma maji ndani ya chasisi kwa mpira mwembamba kupitia matundu mpaka yanayotoka yawe meupe. Maji ya mafuriko yanaacha tope laini ndani, na tope hilo linashika unyevu wiki nzima.

Angalia unaosha kwa maji gani. Visima vingi vya mitaa yetu vina maji ya chumvi. Onja. Kama huwezi kuyanywea chai, usiyamwage ndani ya chasisi. Subiri ya bomba.

Gari langu ni Datsun 120Y, au Peugeot 504 ya saluni. Halina chasisi ya kujitegemea. Haya yananihusu?

Yanakuhusu zaidi. Bodi yenyewe ndiyo chasisi. Kagua maboksi chini ya milango, mahali pa kuwekea jeki, sakafu chini ya kapeti, na vishikio vya springi vya nyuma. Bamba ni jembamba, kwa hiyo kijiti kitatoboa. Mashine ya MIG, ile inayochomelea kwa waya badala ya kijiti, yenye waya wa milimita 0.8 inafaa zaidi. Kabla ya kukata boksi la chini ya mlango, chomelea fimbo ya chuma kwenye uwazi wa mlango ili bodi isilegee. Aliyeisahau fimbo hiyo utamjua kwa mlango: mpaka leo anaufunga kwa goti.

Msimu gani ni mzuri?

Juni hadi Septemba. Masika usifungue kitu usichoweza kukifunga siku hiyo.

Nirudi kuangalia baada ya muda gani?

Kila mwaka, masika ikiisha. Kikamera ndani, nyundo nje, zibua matundu kwa waya, ongeza nta palipokauka. Inanichukua asubuhi moja ya Jumamosi. Mwaka huu nilikuta tundu moja la krosimemba limezibwa na nyigu aliyejenga kwa udongo. Nikamsubiri atoke, nikamvunjia nyumba.